Soma Maji na Nyasi Kwanza: Kutazama Ndege katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi

Wengi wetu tukiingia mbuga ya Nairobi tunaingia kumtafuta simba. Gari linazunguka, saa zinakwenda, na mwisho tunatoka tukinung'unika kwamba pesa zimeliwa bure. Anayekwenda kutazama ndege ana shida iliyo kinyume. Katika kilomita za mraba 117 tu, ndani ya mbuga iliyotangazwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza nchini Kenya, zimeandikwa zaidi ya aina 400 za ndege. Ni wengi kiasi kwamba mgeni hukimbizana nao huku na huku hadi adhuhuri, asimwone hata mmoja sawasawa.

Dawa yake ni kuacha kutafuta ndege na kuanza kutafuta maji na nyasi. Mbuga hii iko mpakani mwa mazingira mawili. Upande wa Lang'ata, kaskazini-magharibi, kuna msitu wa nyanda za juu. Ukiteremka kusini-mashariki kuelekea Athi na Kitengela, mvua inapungua, miti inabaki kandokando ya mito na mabonde tu, na penginepo ni nyasi hadi macho yachoke. Huko ndiko kunakofanana na nyika kavu ya Kajiado, na huko ndege hupangwa na vitu viwili: maji yamebaki wapi, na nyasi zimefika urefu gani. Ukishajua hayo, unaweza kukisia utamkuta nani kabla hata hujashusha kioo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Kila msimu una ndege wake.

Ukiniuliza mimi, mwezi wa kuanzia ni Januari au Februari. Mvua za vuli zimekwisha, mabwawa yameanza kupungua na kuacha ukingo wa tope, na wageni wa kutoka Ulaya na Asia bado wapo. Hao huanza kuingia kwa wingi kuanzia Septemba na Oktoba, na kufikia Aprili wengi wameshaondoka. Novemba ni mwezi wa wapitaji: korongo weupe, mbayuwayu wasiohesabika, na vipanga wadogo wa Amur wanaovuka bahari kutoka Asia kwenda kusini mwa Afrika.

Mei na Juni ni miezi ya nyasi ndefu, na kuna kiumbe mmoja anayeifanya istahili matope yote, nitamfikia. Julai na Agosti, kwa baridi ile ya Nairobi na mawingu yanayokaa hadi saa sita, ndege wakubwa wa kuwinda huchelewa kupaa kwa sababu hakuna hewa ya moto ya kuwainua. Ukienda wakati huo, unaweza kuchelewa kuamka kidogo.

Hatua ya 2: Darubini, na hutahitaji mengi zaidi

Tafuta darubini iliyoandikwa 8x42. Nane ni mara ngapi inakuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usishawishiwe na muuzaji anayekuambia 20 ni bora kuliko 8. Ukuzaji mkubwa hutetemesha picha mkononi na kupunguza eneo unaloliona, na ndege akiruka humpati tena. Za bei ya chini zinazouzwa barabarani mara nyingi lenzi zake haziko sambamba. Utaumwa na kichwa kabla hujafika lango la kutokea.

Kabla ya safari, irekebishe kwa macho yako. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione wazi kibao fulani cha mbali. Kisha fumba la kushoto, na sasa usiguse gurudumu la katikati. Zungusha kile kipete kilicho kwenye kioo cha jicho la kulia hadi kibao kilekile kiwe wazi. Ukivaa miwani, kunja zile pete za mpira zishuke chini. Watu hutumia darubini miaka na miaka bila kufanya hivi, halafu husema macho yao ni mabovu.

Chukua pia kitabu cha utambuzi wa ndege wa Kenya, daftari, kofia, na kilo moja ya ndengu uliyoifunga ndani ya soksi nene. Hizo ndengu si za kupikwa: ziweke juu ya kioo cha gari kilichoshushwa nusu, uegemeze darubini au kamera hapo, na mkono hautatikisika tena. Kwenye simu, pakua Merlin, programu ya kutambua ndege, pamoja na orodha ya ndege wa Kenya ukiwa bado kwenye Wi-Fi ya nyumbani.

Hatua ya 3: Jizoeze mtaani

Usiende mbugani ukiwa humjui hata ndege wa mlangoni kwako. Kwarara anayekuamsha kwa kelele alfajiri, mwewe anayenyakua mabaki pale sokoni, kunguru mwenye kifua cheupe, marabu waliojaa kwenye migunga karibu na Uwanja wa Nyayo: hao wakikukaa kichwani, una vipimo vya kulinganishia wengine. Mbugani utajiuliza kila mara, "Huyu ni mkubwa kuliko shomoro? Kuliko njiwa? Kuliko kunguru?" Kipimo cha mwili ndicho cha kwanza, rangi hufuata. Rangi hudanganya, hasa jua likiwa nyuma ya ndege.

Nature Kenya, shirika la uhifadhi, huwa na matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Mtu akitembea nao mara chache hujifunza zaidi ya anavyoweza kupata peke yake kwa mwaka, kwa kuwa kuna mtu pembeni wa kumwambia, "Hapana, tazama mdomo." Arboretum na City Park nazo ni nzuri kwa mazoezi ya ndege wa mitini.

Hatua ya 4: Kuingia

Malipo ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si pesa taslimu. Yamalize usiku uliotangulia ili usianze kuhangaika na mtandao langoni huku asubuhi ikienda. Lango kuu liko Barabara ya Lang'ata, na matatu za Rongai, 125 na 126, hupita hapo. Lakini matatu itakufikisha langoni tu, kwa sababu ndani hairuhusiwi kutembea kwa miguu ila mahali palipotengwa. Kama huna gari, changeni watu wanne au watano mkodi moja. Wasio na uwezo huo wana Nairobi Safari Walk, iliyo papo hapo langoni, yenye njia ya mbao iliyoinuliwa ambapo unatembea taratibu na kutazama ndege wa msituni na wa vichakani.

Mkikodi gari, ongeeni na dereva kabla ya safari. Madereva wa mbugani wana simu, na simu zina habari za simba. Ikilia tu, gari linageuzwa kwa kasi na vumbi linawafunika ndege wote mliokuwa mkiwangojea. Mwambie mapema, kwa adabu: "Kaka, leo sisi ni wa ndege. Simba tukimwona ni sawa, lakini hatumfuati." Atacheka, atakubali, na kabla ya saa nne atakuwa anawaonyesha ndege msiowaona.

Sheria chache: kasi isizidi kilomita 40 kwa saa (kwa ndege, 15 zinatosha), usitoke nje ya barabara, na chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020, kwa hiyo beba maji kwenye chupa ya chuma. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa tambarare hushika magurudumu vibaya sana. Gari dogo likae kwenye barabara kuu za ndani.

Fika lango linapofunguliwa, saa 12 asubuhi. Jua huchomoza karibu saa 12 na nusu, na saa mbili za mwanzo ndizo zenye thamani.

Hatua ya 5: Keti kando ya bwawa

Hapa ndipo wengi hukosa subira. Bwawa la Nagolomon haliko mbali na lango kuu, na la Hyena liko mbele kidogo. Chagua moja. Simamisha gari jua likiwa mgongoni kwako, yaani asubuhi maji yawe upande wako wa magharibi. Zima injini. Usitoke, usifungue mlango. Kwa ndege, gari lililotulia si mtu. Mtu akisimama pembeni yake wote wanaondoka. Sasa kaa dakika arobaini.

Dakika kumi za kwanza utaona wale wakubwa tu: bata bukini wakigombana, yangeyange, kwarara weupe wenye vichwa vyeusi, pengine domomwiko akifagia maji kulia na kushoto kwa mdomo wake mpana. Waandike upesi, usiwang'ang'anie. Kisha anza kupitia bwawa kwa kanda, kutoka kwenye kina hadi kwenye nyasi, kwa sababu kila kanda ina wenyewe.

Majini kabisa kuna mnandi, anayezama na kuibuka mbali, kisha kupanda juu ya gogo na kutandaza mabawa yakauke. Penye maua ya maji, tazama ndege wa rangi ya kahawia mwenye vidole virefu kupita kiasi akitembea juu ya majani bila kuzama (kwa jina la kisayansi, Actophilornis africanus). Kwenye matete, chini kabisa, kuna mdogo mweusi mwenye mdomo wa manjano na miguu myekundu, anayetoka sekunde tatu na kurudi ndani. Huyo ndiye malipo ya kukaa kimya. Mdiria mdogo wa buluu hukaa kwenye tete lililoinamia maji. Mdiria mwingine, mweusi kwa mweupe, huelea hewani akipigapiga mabawa, kisha hujitupa majini kichwa mbele.

Halafu lipo tope. Kiangazi kikikaza, maji yanarudi nyuma na ukingo unabaki wazi, na huko ndiko wanakolia chakula vitwitwi na ndege wengine wa miguu mirefu waliotoka kaskazini ya mbali. Mwanzoni wote wataonekana kijivu tu. Usiumize kichwa na majina. Andika mambo matatu: urefu wa mdomo ukilinganishwa na kichwa, rangi ya miguu, na namna anavyokula, je, anachomachoma, anaokota, au anakimbia na kusimama ghafla? Ukiwa nyumbani na kitabu, hayo matatu yatakupa jina mara nyingi kuliko picha ya simu.

Kuna jozi moja inayofundisha mbuga nzima. Ukingoni mwa maji utakuta ndege mweusi, mweupe na kijivu, mlio wake ukigonga ting, ting, kama nyundo ya fundi juu ya chuma: Vanellus armatus. Ondoka bwawani mwendo mfupi hadi kwenye nyasi fupi kavu, utamkuta binamu yake, wa rangi ya udongo, miguu ya kuelekea wekundu, na duara jeupe limemzunguka utosini: Vanellus coronatus. Wa kwanza hapendi kuachana na maji, wa pili huishi mbali nayo. Wakati mvua imejaza kila shimo, wa kwanza husambaa hadi pasipotarajiwa. Ukimwona katikati ya tambarare, jua kuna maji karibu hata kama huyaoni.

Korongo taji nao huja bwawani, wawili wawili. Taji ya manyoya ya dhahabu haina mfano na hutamkosea. Waganda wamemfanya ndege wa taifa lao. Huku kwetu amepungua, na tangu 2012 yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Ardhi oevu zinazolimwa na kukaushwa ndizo zinazomkosesha pa kuzalia.

Hatua ya 6: Pima nyasi

Toka bwawani kabla ya saa tatu na nusu, uelekee tambarare. Swali la kuuliza kila baada ya kilomita moja: nyasi zinafika wapi, kifundoni au gotini?

Za kifundoni, zilizolishwa na pundamilia na kongoni, ni za watembeaji. Mbuni kwanza, dume ni mweusi, jike wa rangi ya vumbi, na wakati wa kuzaliana shingo na mapaja ya dume huiva kwa wekundu. (Ukienda Samburu utawakuta wenye shingo na miguu ya buluu-kijivu, hao ni aina nyingine.) Tandawala hutembea polepole, kichwa kimeinuliwa, na akikushuku husimama tuli hadi umdhanie kichuguu. Kisha karani, Sagittarius serpentarius, mwenye mwili wa tai juu ya miguu ya korongo, na manyoya yaliyochomoza kisogoni. Hulala juu ya mgunga, hivyo alfajiri mtafute kileleni mwa miti. Baadaye hushuka na kutembea kilomita nyingi akiwapiga teke panzi, panya na nyoka. Naye amewekwa kwenye orodha ya walio hatarini tangu 2020.

Za gotini zina watu wengine. Juu ya kila kichaka kilichochomoza angalia mwenye kifua cha manjano na mkufu mweusi shingoni, Macronyx croceus. Ana ndugu wawili hapa hapa, mmoja koo lake ni la chungwa, mwingine la waridi, kwa hiyo usiandike jina kabla ya kuona koo. Akikupa mgongo ni kahawia tu. Ngoja ageuke.

Vidogo vya kahawia vinavyoruka na kuzama tena kwenye nyasi, yaani videnenda na jamaa zao, vimewashinda hata wakongwe. Mwaka wa kwanza, andika "kidenenda" na uendelee na safari yako.

Lakini ukienda Mei au Juni, baada ya masika, simama penye nyasi ndefu asubuhi na mapema au jioni na utazame kama kuna kitu cheusi kinachorukaruka juu ya nyasi na kuanguka tena. Huyo ni dume la Euplectes jacksoni, ndege anayepatikana nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania pekee. Dume hukanyaga nyasi hadi afanye uwanja wa mviringo, huacha kishungi kimoja katikati, na kuanza kuruka wima, mkia umepinda kuelekea kichwani, mara moja, mara kumi, mara hamsini. Madume wengi hufanya hivyo uwanda mmoja kwa wakati mmoja, na majike ya kahawia hukaa nyasini yakichagua. Msimu ukiisha dume naye hurudi kuwa wa kahawia. Ngoma hii inahitaji nyasi ndefu, na nyasi zinahitaji mvua. Mwaka wa ukame usitegemee kuwaona wengi.

Usimchanganye na Euplectes albonotatus, ambaye ana bega la manjano na weupe unaomulika bawani akiruka.

Mbwigu, kwenzi wa buluu na tumbo la chungwa, kambu wa rangi zote aliyetua juu ya kichaka: hao watajitokeza wenyewe bila kutafutwa. Ukimwona nyati au kifaru, mpitishie darubini mgongoni; kuna ndege wenye midomo myekundu wanaomtoa kupe.

Hatua ya 7: Kuanzia saa nne, tazama juu

Ardhi ikipata moto, hewa inapanda, na tumbusi wanapanda nayo. Ukiona wengi wakizunguka bila kushuka, wanasafiri tu. Wakishuka mmoja mmoja kwa kasi mahali pamoja, kuna mzoga, na hapo ndipo hata wapenzi wa simba wangepaswa kukufuata wewe. Tumbusi wa mgongo mweupe, aliyekuwa wa kawaida kabisa, sasa yuko kwenye daraja la hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Sumu inayowekwa kwenye mizoga kulipiza kisasi kwa simba na fisi huua kundi zima la tumbusi kwa siku moja.

Kwa tai, tazama umbo na urefu wa mkia, achana na rangi. Pungu ana mkia mfupi hivi kwamba miguu yake hujitokeza nyuma.

Hatua ya 8: Mchana, nenda mtoni

Joto likizidi, tambarare hunyamaza. Peleka gari kusini-mashariki hadi Hippo Pools, ambapo unaruhusiwa kutembea kando ya mto ukiongozana na askari wa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki. Msikilize, viboko na mamba wapo kweli. Chini ya migunga yenye magome ya manjano kuna kivuli, na ndege hukaa humo mchana kutwa. Sikiliza kelele za kundi la weusi kwa weupe wakipita kichaka hadi kichaka, Turdoides hypoleuca, ambaye nje ya Kenya hupatikana kaskazini mwa Tanzania tu. Kuleni chapati zenu gari likiwa limefungwa vioo, maana nyani wa hapo hawaombi.

Usipige sauti za ndege kwa simu ili kuwaita. Dume huacha kiota na kuja kupigana na mpinzani asiyekuwapo, na hifadhi iliyo karibu na jiji hivi hupata wageni wengi wa kumfanyia hivyo kila wiki.

Hatua ya 9: Andika, ukiwa bado ndani

Kwa kila kituo, weka saa, mahali, hali ya maji na nyasi, kisha ndege na idadi. Wale wa kawaida waandike pia. Orodha yenye kambu tu bila njiwa haimfai mtafiti. Ukitaka orodha itumike, ipeleke eBird, hifadhi ya mtandaoni ya orodha za ndege, au kwenye Kenya Bird Map, inayogawa nchi kwa miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa na kukusanya orodha za watu wa kawaida katika kila mraba. Miraba ya Nairobi ina watu. Ya nyika kavu kati ya hapa na Magadi haina wengi.

Usiowatambua waandike kwa maumbile: mdomo, miguu, kipimo, alikuwa anafanya nini na nyasi zilikuwa na urefu gani. Kisha beba daftari hilo Jumatano pale Makumbusho.